Tovuti yenye makosa ya uandishi: je, ni ushahidi kwamba bidhaa ni mbovu?

MLETA UZI

Wakuu, salaam kwenu nyote. Naleta hoja hii baada ya kupata hasara niliyojitakia mwenyewe, na naomba tuijadili kwa kina, kwa sababu naamini wengi wetu tunachagua bidhaa kwa kipimo hiki hiki bila kujiuliza kama ni kipimo halali.

Nilikuwa natafuta pampu ya kupandisha maji kutoka tangi la chini hadi tangi la juu, kimo cha mita 20 hivi. Baada ya kuchuja nikabaki na kampuni mbili. Tovuti ya kampuni ya kwanza ilitia simanzi kuisoma. Juu kabisa paliandikwa "Karibu kwa tovuti wetu". Maelezo ya bidhaa yalisema kwamba pampu "kinafaa kwa maji wa kisima na wa tangi", lita zilikuwa zimegeuka kuwa "rita" kila zilipotajwa, na kitufe cha kununulia kilisomeka "Ongeza kwenye gari". Tovuti ya kampuni ya pili haikuwa na doa. Sentensi zilitiririka, upatanisho wa kisarufi ulikamilika, alama za uakifishaji zilikaa mahali pake, na ahadi yote ilikuwa imewekwa katika mstari mmoja unaovutia: pampu ya nusu nguvu farasi, inayopandisha maji hadi mita 40, lita 100 kwa dakika.

Niliufunga ukurasa wa kwanza bila hata kulifungua jedwali la vipimo. Hoja niliyojipa ilikuwa hii: watu walioshindwa kuirudia sentensi yao moja kabla ya kuitangaza duniani watawezaje kukagua mota mia moja kabla ya kuzitia kwenye maboksi? Nikanunua ya kampuni ya pili.

Pampu ilipofungwa nilisimama juu, ndoo ya lita 20 miguuni na saa mkononi. Ndoo ilijaa baada ya dakika mbili na sekunde kadhaa. Fundi akakagua bomba, akakagua vali, akapima umeme, wala hakuona kasoro. Pampu ilikuwa nzima, ila huo ndio uliokuwa uwezo wake. Baadaye nilikutana na mwenzangu aliyenunua ile ya kampuni ya kwanza, yenye mota ya ukubwa ule ule, na kwa kimo kinacholingana na changu ndoo kama ile hujaa kwake kabla dakika moja haijaisha.

Sisemi kwamba tukio moja linatosha kuifuta kanuni. Ninachouliza ni kwamba ninapoona kosa la tahajia kwenye tovuti ya kampuni, ninajifunza nini hasa kuhusu kitu kilichomo ndani ya boksi? Je, makosa yote yana uzito mmoja? Na je, usafi wa maandishi unathibitisha chochote? Naomba kuwasilisha.

MHARIRI MSTAAFU

Mleta uzi, pole kwa hasara, lakini nakusihi usiitupe kanuni yako haraka hivyo. Nimefanya kazi ya uhariri kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na ninaweza kukuhakikishia kwamba kosa halifiki kwenye ukurasa likiwa peke yake. Hufika kwa sababu aliyeandika hakurudia kusoma, aliyepaswa kumsomea hakuwepo au hakupewa muda, na mwenye kampuni hajawahi kuufungua ukurasa wake kama mteja anavyoufungua. Hayo ni mambo matatu kuhusu namna kampuni inavyofanya kazi, na yote matatu yanasomeka katika herufi moja iliyokosewa.

Wala si mimi peke yangu ninayeliona jambo hili hivyo. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wakiongozwa na B.J. Fogg walitoa miongozo kumi ya kuifanya tovuti iaminike, na mmojawapo unaagiza kuepuka makosa ya aina zote hata yakionekana madogo kiasi gani, kwa kuwa makosa ya uchapaji na viungo vilivyokatika huharibu imani kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2011 mfanyabiashara wa mtandaoni wa Uingereza, Charles Duncombe, aliieleza BBC kwamba makosa ya tahajia yanapoteza mauzo ya mamilioni, na akatoa mfano wa tovuti moja ambayo mapato yake kwa kila mgeni yaliongezeka maradufu baada ya kosa kusahihishwa.

FUNDI WA PAMPU

Nitazungumza kuhusu pampu tu, kwa sababu ndizo ninazozijua, nanyi mtaona kama yanahusu bidhaa nyingine.

Mleta uzi, ule mstari uliokuvutia ulikuwa na kosa kubwa kuliko "rita" zote za tovuti ile nyingine, ila lilikuwa kosa ambalo mwalimu wa lugha hawezi kulipigia mstari mwekundu. Pampu ya aina hii haina namba moja ya kimo na namba moja ya maji. Kadiri unavyoipandisha, ndivyo inavyotoa maji kidogo zaidi, na katika kile kimo cha juu kabisa kinachoandikwa kwenye kibati chake haitoi hata tone, kwa sababu hapo ndipo nguvu yake inapokwishia kuyashikilia maji yaliyomo ndani ya bomba. Lile fungu kubwa kabisa la lita linapatikana pampu ikimwaga bila kupandisha. Mwenye kuandika "mita 40, lita 100 kwa dakika" kwa mfululizo amechukua ncha mbili za uwezo wa pampu zisizokutana na kuzifunga pamoja ili msomaji adhani vinapatikana kwa wakati mmoja.

Sasa tufanye hesabu, maana ni rahisi na kila mnunuzi anaweza kuifanya. Zidisha lita kwa dakika kwa kimo cha mita, kisha gawanya kwa 6.12, utapata wati ambazo maji yenyewe yanahitaji ili yapande, kabla hujahesabu upotevu wowote. Lita 100 mara mita 40 ni 4,000. Gawanya kwa 6.12, unapata wati 654 hivi. Nusu nguvu farasi ni wati 373. Yaani pampu ile iliahidiwa kuyapa maji nguvu inayokaribia mara mbili ya ile iliyonayo mota yake. Hilo haliwezekani kwa pampu yoyote iliyowahi kutengenezwa au itakayotengenezwa, na liliandikwa kwa Kiswahili fasaha kabisa.

Naomba utufanyie jambo moja. Rudi kwenye ile tovuti uliyoifunga, ufungue jedwali la vipimo, ulinakili hapa kama lilivyo.

MNUNUZI MAKINI

Kwa heshima zote, fundi, si kila mnunuzi anaijua hiyo 6.12. Mimi sina nyenzo za kupima mota, sina maabara, na sina muda wa kujifunza fizikia ya kila kitu ninachonunua. Lugha ninaijua. Nikiona lugha imekosewa nimepata angalau kitu kimoja ninachoweza kukihukumu mwenyewe bila kumtegemea mtu. Zaidi ya hapo, makosa ya lugha ni dalili ya matapeli, na hilo linajulikana. Afadhali nikose pampu nzuri kuliko kutapeliwa.

MWANDIKA PROGRAMU

Mnunuzi, umeunganisha maswali mawili ambayo ni vizuri tuyatenganishe. Swali la kwanza ni kama kampuni hii ipo na italeta mzigo. La pili ni kama mzigo huo utakuwa bora. Mtu anaweza kuwa mwaminifu kabisa na bidhaa yake ikawa duni, na ndilo lililompata mleta uzi. Kwa swali la kwanza kuna mambo yanayopimika vizuri kuliko tahajia: jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, kama limebadilishwa herufi moja ili lifanane na la kampuni nyingine, anwani na simu kama zinafanya kazi, njia ya malipo kama inakuruhusu kudai fedha yako.

Kuhusu matapeli kuna andiko ambalo watu hulitaja bila kulisoma. Mwaka 2012 mtafiti wa Microsoft, Cormac Herley, aliuliza kwa nini matapeli wa barua pepe wanatumia hadithi ambayo kila mtu ameshaisikia. Jibu lake lilikuwa kwamba hadithi isiyoaminika huwachuja mapema watu wenye mashaka, ili tapeli asipoteze muda kwa asiyeweza kunaswa. Hoja hiyo inahusu hadithi. Haisemi kwamba tahajia mbaya ni alama ya utapeli, wala haisemi kwamba tahajia nzuri ni alama ya uaminifu.

Nirudi kwenye ubora. Mnapofungua ukurasa wowote kwa kubofya kiungo, mara nyingi kivinjari chenu hutuma kwa seva taarifa ya ukurasa mliotoka, na taarifa hiyo hubeba jina "Referer". Neno hilo la Kiingereza limekosewa. Lilipaswa kuwa na r mbili katikati. Kosa liliingia kwenye maandishi ya kanuni za wavuti katika miaka ya 1990, likapita kwenye waraka rasmi wa mwaka 1996, na lilipogunduliwa lilikuwa limeshaenea kwenye programu nyingi kiasi kwamba kulisahihisha kungeleta madhara kuliko kuliacha. Limebaki hivyo hadi leo, na wavuti inafanya kazi. Kwenye mfumo wa kuendeshea kompyuta uitwao Unix nako kuna amri ya kuunda faili inayoitwa "creat", bila e ya mwisho, na waliouunda mfumo huo ni miongoni mwa wahandisi hodari kupata kutokea katika fani yetu. Ukiwahukumu watu hao kwa tahajia, utakuwa umekosea vibaya sana.

Na tusisahau kuuliza nani anaandika tovuti. Katika kampuni nilizofanyia kazi, aliyebuni kifaa hakuwahi kuandika hata sentensi moja ya ukurasa. Aliyeandika alikuwa mtu wa masoko, au wakala wa nje aliyelipwa kwa ukurasa, au kijana aliyekuja kwa mafunzo ya miezi mitatu. Kosa lake linatueleza kuhusu yeye na kuhusu aliyemwajiri. Hadi kufika kwenye kiwanda ni safari ndefu, na ushahidi unapungua kila hatua.

MFAMASIA

Naomba niweke mfano wa upande mwingine, kwa sababu naona mjadala unaanza kuelemea upande wa kusema kwamba tahajia haina maana, na katika kazi yangu hilo lingekuwa la hatari.

Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wanaoshuku dawa bandia kuchunguza kifungashio kama kina makosa ya tahajia au ya sarufi, kulinganisha tarehe za boksi la nje na zile za pakiti ya ndani, na kutazama kama dawa yenyewe ina rangi, umbo na harufu ya kawaida. Shirika hilo hilo lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa moja ya tiba kati ya kumi ni duni au bandia. Ninaposhika boksi lenye jina la dawa lililokosewa herufi, siulizi maswali ya falsafa. Naliweka kando na kutoa taarifa.

Lakini angalieni kwa nini kosa lina nguvu hapa. Maandishi ya boksi la dawa hayatungwi na kijana wa mafunzo. Hupitishwa na mtengenezaji, huidhinishwa na mamlaka ya udhibiti, hufungwa, na hayaguswi tena bila kibali. Kila boksi halali ni nakala ya maandishi yale yale. Kwa hiyo herufi iliyopotea maana yake ni kwamba boksi halikupita njia hiyo. Nina asili ya kulinganishia. Kwenye ukurasa wa matangazo wa tovuti hakuna asili. Kila mtu anaandika anavyojua.

MWANAFUNZI WA UCHUMI

Mfamasia amegusa kiini cha jambo, nami naomba niliendeleze kwa lugha ya fani yangu.

Mwaka 1970 George Akerlof aliandika kuhusu soko la magari yaliyotumika, ambako muuzaji anajua hali ya gari na mnunuzi haijui, na akaonyesha namna pengo hilo la taarifa linavyoweza kuyafukuza magari mazuri sokoni. Mwaka 1973 Michael Spence akaeleza namna mwenye kitu kizuri anavyoweza kujitofautisha: atoe ishara ambayo mwenye kitu kibaya hawezi kuiiga, kwa sababu kwake ingekuwa ghali mno. Wote wawili, pamoja na Joseph Stiglitz, walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001. Jambo la kushika hapo ni gharama. Ishara ambayo kila mtu anaimudu haimtofautishi mtu.

Zamani maandishi safi yalikuwa na gharama. Ulihitaji mwandishi, mhariri na muda, na kampuni isiyojali haikuvigharimia. Kisha programu za kuandikia zikaanza kupiga mstari mwekundu chini ya neno lililokosewa, na gharama ikashuka. Tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, mtu yeyote anaweza kupata kurasa kumi za maelezo fasaha kabla chai haijapoa, awe ana kiwanda au hana. Kwa hiyo namjibu mleta uzi swali lake la mwisho moja kwa moja: usafi wa maandishi ya tangazo leo hauthibitishi karibu chochote. Ulikuwa ushahidi dhaifu, na sasa umekuwa dhaifu zaidi.

Kuhusu ushahidi wa Mhariri Mstaafu, naomba tuusome kwa makini. Miongozo ya Stanford inahusu kile kinachowafanya watu waiamini tovuti. Duncombe alizungumzia mauzo. Vyote viwili vinathibitisha kwamba wanunuzi wanahukumu kwa tahajia, jambo ambalo hakuna anayelibisha hapa. Havithibitishi kwamba wanahukumu sawasawa. Katika utafiti mwingine wa kundi hilo hilo la Fogg, uliohusisha watu 2,684, jambo lililotajwa mara nyingi kuliko yote watu walipoeleza kwa nini wameiamini au hawakuiamini tovuti lilikuwa mwonekano wake, katika asilimia 46.1 ya maoni. Mwonekano! Hakuna atakayesema kwamba rangi nzuri za ukurasa zinaifanya mota iwe imara.

MHARIRI MSTAAFU

Nakubali sahihisho hilo, na nalikubali bila kinyongo. Nilileta ushahidi wa imani ya mnunuzi nikauita ushahidi wa ubora. Mwanasaikolojia Edward Thorndike alilieleza kosa la aina hii tangu mwaka 1920, alipoona kwamba maofisa wa jeshi waliotakiwa kuwapima askari wao sifa moja moja, yaani akili, umbo, uongozi na tabia, walitoa alama zilizofanana kupita kiasi, kana kwamba aliyependeza kwa moja amependeza kwa zote. Nimekuwa nikizisoma tovuti kwa namna hiyo.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo sitaliacha. Ukurasa wa kampuni kubwa hupita kwenye mikono mingi, na ukurasa wa karakana ya watu watatu hupita kwenye mkono mmoja, tena mara nyingi mkono unaotoka kwenye grisi. Kosa lile lile lina uzito tofauti. Nikikuta kampuni yenye idara nzima ya mawasiliano imeacha kosa kwenye kichwa cha ukurasa wake mkuu kwa miaka miwili, nitaamini kwamba pale hakuna anayeona kwamba ni kazi yake kusema. Hilo si jambo la lugha tena.

MFASIRI

Nimesubiri mtu aseme kwamba makosa mengi ya aina ya "Ongeza kwenye gari" si ya tahajia wala ya uzembe wa mwandishi, ni ya tafsiri ya mashine ambayo hakuna aliyeipitia. Mashine imekutana na neno la Kiingereza la kikapu cha manunuzi na kulitafsiri kama chombo cha kubebea mizigo. Ndivyo unavyokuta pia chaji ya betri imeitwa "mashtaka ya betri" na kitufe cha kuhifadhi kimeandikwa "Okoa". Msomaji anacheka au anakereka, lakini hajadhurika, na kampuni yenyewe huenda haina mtu hata mmoja anayeisoma lugha yetu. Kosa la namna hii linakuambia jambo moja la kweli: kampuni hii haijaweka mtu wa kukuhudumia kwa lugha yako, na ukipata tatizo utaongea na mashine hiyo hiyo. Hilo lina maana kwa huduma ya baadaye. Kwa mota halina maana.

Ninachokiogopa mimi ni kosa lisilochekesha. Kiswahili chetu kinabeba ukanushi katika silabi moja ndani ya kitenzi. "Isizidi" na "izidi", "usifungue" na "ufungue", "isizamishwe majini" na "izamishwe majini": ni silabi ile ile "si" inayotenganisha onyo na amri. Ikidondoka, sentensi inayobaki ni sahihi kwa tahajia na kwa sarufi. Programu ya kukagua haitaona kitu, na msomaji hatashtuka kwa sababu inasomeka vizuri. Nimewahi kukabidhiwa mwongozo wa pasi ya umeme nikakuta silabi hiyo imekosekana katika onyo la kutoitumbukiza majini, baada ya watu wawili kuupitia kabla yangu. Mwaka 1631 wachapaji wa Biblia jijini London walidondosha neno moja la kukanusha katika amri inayokataza uzinzi, wakatozwa faini ya pauni 300. Kosa ni lile lile, ila mwongozo wa umeme unaweza kuua.

Kwa hiyo ninapopima kampuni, naacha ukurasa wa mbele na kwenda moja kwa moja kwenye mwongozo wa matumizi. Huo ni sehemu ya bidhaa. Kifaa bila maelekezo yake hakijakamilika, na sheria za mahali pengi zinalijua hilo. Maagizo ya Mashine ya Umoja wa Ulaya, namba 2006/42/EC, yanataka mwongozo uliofasiriwa uandikwe wazi kwamba ni tafsiri ya maelekezo ya awali, na uambatane na maelekezo hayo ya awali. Natazama kama maonyo yapo, kama yanataja kifaa hiki hasa au ni maonyo ya jumla yaliyonakiliwa, kama namba za kwenye mwongozo zinalingana na za kwenye tovuti na za kwenye kibati. Mleta uzi, mwenzako aliyenunua pampu ya kwanza bila shaka ana mwongozo. Muombe picha ya ukurasa wa maonyo.

MLETA UZI

Wakuu, nawashukuru kwa moyo wote. Nimefanya mliyoniagiza, na naleta niliyoyaona.

Kwanza jedwali la tovuti ya kampuni ya kwanza. Liko chini kabisa ya ukurasa, na limeandikwa hivi: mita 10, "rita" 33, mita 20, "rita" 22, mita 30, "rita" 12. Chini yake kuna mchoro wa mstari unaoshuka. Nimeijaribu hesabu ya fundi kwa kila mstari. Kwa mita 20 maji yanahitaji wati 72, nayo mota ni ya wati 370. Lita 22 kwa dakika zinajaza ndoo ya lita 20 kwa sekunde 55 hivi, na ndivyo mwenzangu alivyoniambia. Nilikuwa na ukweli wote mbele yangu siku ile, nikaufunga kwa sababu ya r na l.

Pili, mwongozo. Mfasiri, ulichokihofia kipo. Mwenzangu alinitumia picha, na mstari wa nne wa maonyo unasema: "Uwashe pampu ikiwa haina maji ndani." Hakuwahi kuuona mstari huo, aliniambia kwamba aliufungua mwongozo siku moja tu, akatazama mchoro wa kufunga mabomba, akaurudisha kwenye boksi.

FUNDI WA PAMPU

Mwambie mwenzako leo hii, si kesho. Pampu hiyo ikizunguka kavu, sili inayozuia maji kwenye mhimili inapata joto kwa muda mfupi sana na kuungua, kwa kuwa maji ndiyo yanayoipoza. Baada ya hapo itavuja kuelekea kwenye mota. Kabla ya kuiwasha mara ya kwanza, na kila baada ya kukaa muda mrefu, afungue kizibo cha juu na kuijaza maji mpaka yafurike, kisha afunge ndipo awashe.

Na nisieleweke kwamba naitetea kampuni ya kwanza. Jedwali lao ni la kweli na nawaheshimu kwa hilo. Mstari huo wa nne ni kasoro ya bidhaa sawa na bolti iliyolegea, na ningewaambia hivyo hivyo.

MNUNUZI MAKINI

Nimesoma yote, na nabadilisha sehemu ya niliyosema. Lugha bado ndiyo nyenzo ninayoimudu, lakini naona nilikuwa naitumia kwenye ukurasa usiofaa. Naweza kusoma maonyo, naweza kulinganisha namba za kurasa mbili, na naweza kuona kama masharti ya dhamana yanataja muda, sehemu zinazohusika na anayelipia usafirishaji, au yanasema tu kwamba mteja ataridhika. Hayo hayahitaji maabara. Nina swali moja kwa mleta uzi: umewaandikia kampuni zenyewe?

MLETA UZI

Nimewaandikia zote mbili siku moja, kwa maneno yale yale. Niliuliza pampu inatoa lita ngapi kwa dakika katika kimo cha mita 20. Kwa kampuni ya kwanza niliongeza aya kuhusu mstari wa nne wa mwongozo.

Kampuni ya pili ilijibu ndani ya saa moja. Barua ilikuwa nzuri, yenye shukrani na aya tatu kuhusu kujitolea kwao katika ubora, na haikuwa na namba hata moja. Niliuliza tena, nikapata barua nyingine inayofanana na ya kwanza, na kiungo cha kunirudisha kwenye ukurasa ule ule wa mita 40 na lita 100.

Kampuni ya kwanza ilijibu siku ya pili, kwa Kiswahili kilekile kilichochakaa. Waliandika "rita 22 kama voteji iko sawa, ikishuka inapungua", wakaniuliza urefu na kipenyo cha bomba langu ili wakokotoe upotevu. Kuhusu mwongozo waliomba picha, na jioni yake wakaleta ukurasa mpya wa maonyo wenye "Usiwashe", wakasema wameuweka kwenye tovuti na watautia kwenye maboksi yaliyobaki ghalani. Nimeufungua na kuukuta. Nimempelekea mwenzangu, naye ameubandika ukutani juu ya pampu.

Nimewatumia vipimo vya bomba langu, urefu mita 26 na kipenyo cha ndani milimita 25. Wakijibu nitaleta hesabu yao hapa ili fundi aikague kabla sijaagiza.